Shati la pamba lina mabaka ya jiki na limepauka mabegani, nikilichovya rangi litarudi?

Pindo_Moja

Wakuu habari zenu. Nina shati langu la pamba la mikono mifupi, bluu iliyoiva, lina majani meupe na vindege vidogo vya njano ile ya haradali, yaani ni lile shati ambalo hata kama umelala masaa mawili ukilivaa unaonekana mtu wa maana. Sasa lina mambo mawili. La kwanza mabega yamepauka, nadhani ni jua maana huwa naanika asubuhi nasahau mpaka jioni, chini ya kwapa bado ni bluu ya siku ya kwanza ila juu mabegani imekuwa kama jinzi ya zamani. La pili ndo limeniuma zaidi, nilikuwa nasugua sinki kwa jiki nikiwa nimelivaa (najua, msinisemeshe), ikaruka, pale pale sikuona kitu, kama robo saa hivi naangalia chini nakuta mabaka matatu tumboni. Mawili ukubwa wa kidole gumba na moja refu kama mtu kachora mkia. Na siyo meupe, ni pinki fulani hivi yenye kutu.

Imepita kama wiki tatu na nishalifua mara nne toka siku hiyo. Kutupa siwezi, kufanya dekio siwezi, na fundi niliyempelekea akaangalia akacheka akanirudishia. Nimeona pakti za rangi ya nguo nikawa nawaza nichukue bluu ileile nilichovye lote. Swali ni je, mabaka yatapotea? Na yale majani meupe yatabaki meupe au ndo basi tena? Aliyewahi kufanya aseme, siyo wa kusikia sikia.

Kijiti

Mkuu unajichosha. Rangi nyeusi, sufuria, maji yachemke, tumbukiza, mimina chumvi na siki ili rangi ishike, nusu saa toa. Majani ya nini kwenye shati la mwanaume.

Bi Beseni

Kijiti mwanangu hapo kwenye siki nitarudi na fagio, ngoja kwanza nimjibu mwenye shati.

Pindo, kitu kimoja ukikielewa mengine yote yatakuja yenyewe. Rangi ya nguo siyo rangi ya ukuta. Ya ukuta inafunika, unapaka nyeupe juu ya nyekundu, nyekundu imekwisha. Ya nguo haifuniki, inaingia ndani ya uzi na kujumlika na ile iliyomo. Bluu ukiichovya juu ya njano unapata kijani, bluu juu ya pinki unapata zambarau, bluu juu ya nyeupe unapata bluu, na bluu juu ya bluu unapata bluu nzito zaidi. Kwa hiyo ukichukua shati lote na mabaka yake ukalitumbukiza kwenye bluu, ile sehemu nzima itakuwa nzito, na baka nalo litakuwa zito ila litabaki nyuma hatua ileile lililokuwa nayo mwanzo. Umehamisha tatizo gorofa ya juu, hujaliondoa. Watu wengi hapa ndo wanapoliwa, wanasema rangi ilikuwa feki kumbe rangi imefanya kazi yake vizuri kabisa, wao ndo walisahau kulisawazisha baka kwanza.

Kwa hiyo kazi yako ni mbili. Kwanza unapaka mabaka peke yake mpaka yakaribiane na jirani zake, halafu ndo unachovya shati zima ili tofauti ndogo iliyobaki imezwe na mabega nayo yapate kitu.

Kabla hujanunua chochote nifanyie mambo matatu hapo nyumbani uniletee majibu. Geuza shati ndani nje uangalie mgongo wa yale majani meupe. Kama kwa ndani nako ni peupe, maana yake hapo ni pamba tupu, nyeupe ile ni kitambaa chenyewe, na itakunywa rangi kama kiu. Kama kwa ndani ni bluu, basi weupe umebandikwa juu kwa gundi, ukikwaruza kwa ukucha unasikia kama ngozi nyembamba, hiyo haitashika rangi sana na majani yako yatabaki meupe au karibu yake. Pili dondosha tone la maji tumboni pasipo na baka. Likizama mara moja vizuri, likikaa juu kama shanga basi shati limepakwa dawa ya kuzuia mikunjo au limejaa laini ya kufulia, ile dawa ya kulainishia nguo, na rangi nayo itakaa nje ya mlango hivyo hivyo. Tatu chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, kwenye kitambaa siyo kwenye mshono, uuwashe moto juu ya sinki. Ukinuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu ni pamba. Ukijikunja ukayeyuka ukaacha kishanga kigumu cheusi ni poliesta au imechanganywa, na rangi ya pamba haishiki poliesta hata uiombe vipi.

Sasa siki. Siki ni ya sufu na hariri, hizo zinatumia rangi zinazopenda asidi. Pamba inataka kinyume chake. Na jambo kubwa zaidi, mtu akisoma "jiki" na "siki" kwenye mjadala mmoja anaweza kufikiri vichanganywe. Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, kwenye bafu dogo lisilo na dirisha hiyo inakupeleka hospitali. Shati la Pindo limefuliwa mara nne jiki haipo tena, lakini nasema kwa yule atakayekuja kusoma hapa nguo ikiwa bado imelowa jiki mkononi.

NusuKijiko

Naunga mkono kuhusu baka kubaki. Mimi yangu ilikuwa shati jeusi, si lenye maua. Jiki ikaliacha na doa la chungwa kabisa, kama yai. Nikachovya nyeusi pakti nzima nikajua nimemaliza, kukauka naangalia shati limekuwa jeusi zuri na pale kwenye doa kuna kahawia inanitazama. Na mishono yote ilikuwa uzi mweupe wa poliesta ambao mwanzo walishona kwa urembo, haikuguswa, kwa hiyo nikabaki na shati jeusi lenye mistari inang'aa kama barabara usiku. Hiyo mishono niliipenda lakini.

Kilichonimaliza ni kwamba doa lenyewe lilitoboka. Mfuo wa tatu au wa nne hivi, nakamua tu kawaida, kidole kikapita. Kumbe jiki niliisuuza juu juu siku ile nikaacha shati kwenye beseni usiku mzima na imo humo humo inakula.

Na sufuria ilikuwa ya alumini. Imekuwa nyeusi kwa ndani mpaka leo, naipandia maua.

Bi Beseni

Huo mtobo ndo watu hawauelewi. Jiki haiondoi rangi tu, inakula na pamba yenyewe, na haiachi kwa sababu umeona doa umesikitika. Inaendelea mpaka iishe au uisimamishe. Suuza maji mengi sana kwanza, halafu loweka kwenye maji yenye haidrojeni peroksaidi ile ya asilimia 3 ya kusafishia vidonda, kama dakika kumi hivi. Ikikutana na mabaki ya jiki inayageuza kuwa chumvi, maji na oksijeni, utaona vipovu vidogo. Kuna wanaotumia metabisalfaiti pia na inafanya kazi, ila mwenye pumu asiiguse.

Pindo kabla ya yote vuta kitambaa pale kwenye baka kwa vidole gumba viwili, taratibu, upande wa urefu na upande wa upana. Kama kinalia au unaona nyuzi zinaachana usipoteze rangi yako, hapo ni kiraka.

Na wa shati jeusi, ulikosea rangi. Doa la chungwa dawa yake siyo nyeusi, ni bluu. Bluu na chungwa zinauana, ungepaka nevi bluu kidogo juu ya lile yai peke yake ungepata kitu karibu na nyeusi, halafu ndo ungechovya nyeusi lote. Nyeusi za nguo nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa zilizobanana, ndo maana zikipigwa jiki haziwi nyeupe, zinafumuka inabaki ile ngumu kufa.

Pindo_Moja

Bi Beseni shikamoo. Majibu haya hapa. Majani kwa ndani ni meupe kabisa, kwa hiyo ni pamba tupu. Ndege sijui niseme nini, kwa ndani njano inaonekana ila hafifu, na ukucha hausikii kitu. Tone la maji lilisita kama sekunde tatu halafu likazama. Uzi ulinuka karatasi, jivu laini. Mabaka nimeyavuta yapo imara yote matatu.

Kwa hiyo majani ndo basi? Maana yale majani ndo shati lenyewe.

Bi Beseni

Marahaba. Majani yatakuwa bluu, ila siyo bluu ile ya nyuma yake. Nyuma tayari kuna bluu, ukiongeza inakuwa karibu nyeusi, majani yalikuwa matupu kwa hiyo yanapata ile moja tu. Mchoro utabaki unaonekana, umehama tu kutoka bluu na nyeupe kwenda bluu kwa bluu. Mimi binafsi napenda zaidi hivyo, shati linakuwa la mtu mzima. Ndege wa njano watakuwa kijani, hilo kubaliana nalo sasa hivi usije ukalia baadaye.

Kama weupe ndo roho yako basi usichovye. Paka mabaka peke yake, mabega uyaache na upauke wao. Upauke wa jua hauna aibu mbona, watu wananunua jinzi mpya zikiwa zimepaushwa.

Ile sekunde tatu ya tone ni laini ya kufulia. Lifue kwa maji ya moto na sabuni na kijiko cha magadi soda, bila laini, kabla ya kuanza.

Uzi_Mrefu

Samahani naingilia, kwani asitoe rangi yote ya shati kwanza libaki jeupe lote halafu aanze upya? Wanaotengeneza batiki wana ile haidro, naona inatoa rangi vizuri tu na haili pamba kama jiki.

Bi Beseni

Inawezekana na kwa shati la rangi moja ningemshauri hivyo. Haidro kweli haitafuni pamba kama jiki. Ila kwa la mchoro ni bahati nasibu. Rangi nyingine zinatoka, nyingine zinageuka njano au pinki zikagoma hapo, na zile ziitwazo za vati, kama indigo ya jinzi, ndo zina vituko, kwenye haidro zinapauka au kugeuka rangi unafikiri zimekwisha, ukitoa nguo ikapata hewa zinaamka zinarudi kama hukuzifanya kitu. Mchoro wa gundi nao haung'oki. Mwisho unapata shati lenye bluu iliyotoka, ndege waliobaki nusu na majani ambayo hayaonekani tena kwa sababu kilichokuwa kinayaonyesha ni bluu ya nyuma. Na harufu yake, fungua madirisha yote.

Kijiti

Haya siki nimekubali. Lakini chumvi msiniambie. Mimi nguo mpya zote naloweka kwenye chumvi usiku mzima na hazichuji.

Bi Beseni

Hazichuji kwa sababu kiwandani waliziosha vizuri, chumvi umeipa sifa ya bure. Chumvi ina kazi wakati wa kuchovya. Pamba ikiwa majini ina chaji hasi, rangi nayo ina chaji hasi, wanasukumana kama sumaku mbili zilizogeuziana upande mmoja. Chumvi inapunguza ule ugomvi ili rangi isogee ikae kwenye uzi. Basi, kazi yake imeishia hapo. Rangi ikishakaa, kuiloweka kwenye chumvi hakuifungi popote, na rangi inayochuja utaikuta kwenye maji ya chumvi vile vile.

Kinachofunga ni aina ya rangi. Zile pakti za kuchemsha zinazoandikwa ni za nguo zote, kwa pamba zinakaa tu ndani ya uzi zimejibanza, hazijaunganika nao, ndo maana kila ukifua unaona maji yana rangi. Zile za maji ya baridi, ukoo wa Procion, zenyewe zinaungana na pamba kikemia zikawa kitu kimoja. Zilitoka kwenye kampuni ya ICI huko Uingereza, akina Rattee na Stephen waligundua 1954 zikaanza kuuzwa 1956, na kinachozifanya ziungane ni magadi soda, siyo chumvi wala siki. Ukisahau magadi soda unaosha yote inaondoka na maji unabaki unaangalia. Nazungumzia magadi soda ya viwandani, kaboneti yenyewe, usichukue bikaboneti ya kuumulia ukadhani ni kitu kimoja, hiyo ni pole sana, haifikishi. Ukiikosa kaboneti kabisa, chukua hiyo bikaboneti uieneze kwenye trei uiweke ndani ya oveni nyuzi 200 kama saa moja na zaidi kidogo, inatoa maji na hewa yake inabaki kaboneti.

Pindo_Moja

Nimeamua. Nachovya. Ndege wawe kijani wasiwe kijani. Nipe vipimo basi mama yangu maana mimi nikiambiwa "kiasi" naharibu.

Bi Beseni

Pima shati likiwa kavu kwenye mizani ya jikoni. Tuseme limetoka gramu 220. Kwa bluu nzito chukua rangi gramu 10 hadi 12. Nyeusi ingekula karibu mara mbili, nyeusi ni mlafi. Maji lita nne na nusu hivi ya uvuguvugu, yanayokubali mkono bila shida, kama nyuzi 35. Chumvi gramu 270, magadi soda gramu 80. Tumia ndoo ya plastiki au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, na chombo hicho kisirudi kupikia, wala kijiko. Glavu, na ukifungua unga wa rangi vaa barakoa na feni izimwe. Ule unga ni mwepesi kuliko unavyofikiri na ukiingia kifuani mara kwa mara unaweza kukuachia mzio wa kudumu.

Siku ya kwanza ni mabaka tu. Koroga robo kijiko cha chai cha rangi kwenye vijiko viwili vya maji, chukua kitambaa cha pamba cheupe ujaribu tone, ngoja kikauke ndo ulinganishe na shati, maana ikilowa kila rangi inakudanganya inaonekana nzito. Baka lako ni pinki kwa hiyo bluu tupu itavuta kuelekea zambarau. Tia chembe ya kijani, chembe kweli, ncha ya kijiti cha meno, itaua ile pinki. Ukiridhika weka magadi soda kidogo kwenye ule mchanganyiko na uanze kupaka papo hapo, ikishachanganyika na magadi inaanza kufa, ndani ya saa moja imechoka. Brashi ndogo, usiloweshe, gusa gusa kuanzia katikati ya baka na uishie kabla ya ukingo kama upana wa punje ya mchele kwa sababu itatambaa yenyewe. Watu wanapaka mpaka ukingoni inatambaa inapita, wanapata duara jeusi kuzunguka baka, doa juu ya doa. Funika na nailoni, lala nayo, asubuhi suuza. Likiwa bado jepesi rudia. Bora upake mara tatu nyepesi kuliko moja nzito.

Siku ya pili ndo kuchovya. Fungua vifungo vyote, simamisha kola. Lowesha shati zima kwa maji ya kawaida kwanza, shati kavu likiingia kwenye rangi linakunywa kwa mabaka. Rangi ifanye uji kwanza na maji kidogo ndo uongeze, uichuje kwa soksi ndefu nyembamba, punje moja isiyoyeyuka ikikaa kifuani ni nukta ya milele. Tia chumvi, tia shati, koroga dakika ishirini na usiende popote. Siyo kukoroga kama chai, inua, tandaza, geuza, zamisha. Hapo ndo mahali pa uvivu na hapo ndo shati linapoharibika, likijikunja likatulia mkunjo unabaki mweupe. Magadi soda iyeyushe pembeni kwa maji ya moto, iache ipoe kidogo, sogeza shati upande mmoja umimine kidogo kidogo mara tatu, usilimwagie shati lenyewe. Koroga nusu saa nyingine, halafu unaweza kuliacha ukawa unapita unaligeuza mpaka saa moja na nusu itimie.

Suuza na maji ya baridi mpaka yaanze kuwa mepesi, halafu maji ya moto na sabuni, na tena, na tena. Ile ya moto usiiruke. Ndo inayotoa rangi ambayo haikuungana, usipoitoa wewe itatoka kwenye mgongo wako siku una jasho.

Uzi_Mrefu

Mimi nafuatilia tu nina gauni linasubiri majibu ya shati.

Pindo_Moja

Nimerudi wakuu, ilichukua wikiendi mbili siyo moja.

Mabaka kwanza. Lile la mkia lilinishinda mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau ile chembe ya kijani, asubuhi nakuta baka limekuwa zambarau kama nimegongwa na mlango. Ya pili nikaweka kijani, nikaona mbona chembe ni ndogo sana nikaongeza, likawa la kijani kibichi. Ya tatu ikakubali kwa sababu zote tatu zilijumlika huko ndani, sasa nimeelewa ulichosema kuhusu ukuta. Yale mawili ya duara yalikubali siku ya kwanza. Ila moja nilipaka mpaka ukingoni. Ndiyo, na nilikuwa nimesoma. Lina kiduara chembamba.

Shati lilikuwa gramu 214. Rangi nikapima 11, mengine kama ulivyosema. Dakika ishirini za kukoroga mikono iliuma mpaka kwenye bega lakini sikutoka. Nilivyomimina magadi soda sikuona tofauti yoyote nikafikiri nimeuziwa chaki, nikaendelea tu. Maji ya kusuuza nilihesabu, baridi mara tano, moto mara nne, ya mwisho yalikuwa na rangi ya maji yaliyooshwa brashi.

Limekauka jana. Nyuma ya mchoro pamekuwa bluu karibu na nyeusi, majani yamekuwa bluu ya anga la jioni hivi, nilijua nitayalilia na sikuyalilia. Ndege wamekuwa kasuku. Mabega ukinipa shati gizani au kwenye mwangaza wa dirisha siwezi kusema yalikuwa wapi mepesi, labda kidogo la kulia. Mishono haikubadilika ila ilikuwa bluu toka mwanzo kwa hiyo bahati. Mabaka mawili hayaonekani, la tatu kile kiduara kinaonekana ukijua pa kuangalia, na bahati nzuri kimeangukia juu ya jani na kinafanana na mshipa wa jani.

Fundi niliyempelekea mwanzo nimempita nimelivaa, hakunijua mimi wala shati.

NusuKijiko

Weka picha mkuu usitutese.

Bi Beseni

Hongera mdogo wangu. Fua peke yake mara mbili tatu za kwanza, maji ya baridi, ugeuze ndani nje na uanike kivulini, vinginevyo tutaonana hapa tena mwakani. Kola ulisimamisha?

Pindo_Moja

Nilisimamisha mama. Kwa dakika kumi za kwanza. Halafu ikalala na mimi nilikuwa naangalia ndege. Ukiinua kola kuna mstari wa bluu ya zamani, upana wa kidole, umezunguka shingo nzima.

Kijiti

Ungeweka nyeusi.